Likasi: Mabati ya mugombea yanapofika kwenye masomo ya Panda, komite ya wazazi ifanye nini?

LIKASI – Mabati hayana chama. Yakiisha kupigiliwa juu ya chumba cha masomo, yanazuia mvua kwa mutoto wa huyu na kwa mutoto wa yule. Ndiyo maana komite ya wazazi inapata shida kuyakataa. Lakini mutu mwenye kuyaleta wakati wa kampeni hafiki peke yake. Anafika na mupiga picha, na vijana wenye kuvaa fulana za rangi moja, na kaliko yenye sura yake na numero yake. Anaomba dakika tano tu. Anaomba watoto watoke darasani, wapange mustari, wapige mikono. Na anaomba mukubwa wa komite ya wazazi asimame pembeni yake, juu ya picha.

Ni katika dakika hizo tano komite inageuka kitu kingine, hata kama hakuna mutu mwenye alisema «mupigie fulani kura».

Katika komini ya Panda, hapa Likasi, jambo hili si la kufikiri tu. Uchaguzi unarudi kila miaka mitano, kama muhula wa rais na wa wabunge unavyopangwa na Katiba, na mabati yanarudi pamoja nao. Kila mara swali ni lilelile: namna gani komite ya wazazi inaweza kupokea kila mutu na kubakia ya wazazi wote?

Komite hii ni ya nani?

Kwenye masomo mengi ya Kongo, wazazi wanachagua komite yao, yenye watu wanaita COPA. Wajumbe wake wanakaa tena na mukubwa wa masomo na walimu katika COGES, ndiyo komite ya kuangalia mambo ya kila siku: franga, meza, choo, ukuta wenye kupasuka. Juu yao kuko vyama vya wazazi vya taifa kama ANAPECO, pamoja na vyama vya wazazi wa masomo ya makanisa. Mujumbe wa COPA halipwi mushahara. Anaacha kazi yake ao biashara yake ya soko, anakuja kukaa kwenye meza ya watoto yenye kumubana magoti, na anarudi nyumbani na karatasi mukononi.

Kwa upande wa sheria, vyama visivyo vya kutafuta faida vina sheria yao, ya tarehe 20 Julai 2001. Vyama vya siasa vina yao, ya tarehe 15 Machi 2004. Ni nyumba mbili, kila moja na mulango wake. Kifungu cha 193 cha Katiba kinasema kwamba utumishi wa serikali hauna siasa na hauegemei upande wowote, na kwamba hakuna mutu anaweza kuugeuza kwa faida yake ao ya chama chake. Sheria ya uchaguzi nayo inakataza kutumia mali, franga na watumishi wa serikali katika kampeni. Kwa hiyo mukubwa wa masomo ya serikali mwenye kufungulia chama kimoja mulango, ao mwalimu mwenye kuacha darasa saa ya kazi ili aimbe mbele ya mugombea, anajua kwamba katazo liko.

Muzazi wa kujitolea, yeye, si mutumishi wa serikali. Kwake sheria haijibu kila swali la mulangoni. Mengi yanabaki kwa kanuni zenye komite inajiandikia yenyewe, na kama haijaandika kitu, yanabaki kwa aibu ya siku ile: nani atamwambia mugeni «hapana» mbele ya watu?

Kwa nini Panda ina kiu

Ili kuelewa uzito wa bati moja, ni lazima kujua Panda ilikuwa nini. Likasi, yenye iliitwa Jadotville mpaka 1966, ilijengwa juu ya shaba. Komini zake ni nne: Likasi, Kikula, Shituru na Panda. Mbili za mwisho zinatajwa siku zote pamoja na viwanda. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, kisha Gécamines kuanzia 1967, ilimupa mutumishi nyumba, hospitali, chakula na masomo ya watoto wake. Wakati huo muzazi hakumungojea mugombea juu ya paa la darasa. Bati likitoboka, kampuni ilituma fundi.

Kisha kampuni ilianguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mugodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ulibomoka, na kufikia 1994 kampuni ilikuwa imeshuka mpaka karibu tani 30.000. Mwaka 2003 ulianza mupango wenye uliitwa «kuondoka kwa kupenda», wenye uliondoa kazini watumishi 10.655. Kupenda gani, wenyewe waliuliza, kwa sababu wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mushahara. Karibu kila familia ya Panda iko na mutu wake katika hesabu hiyo.

Katika miaka hiyohiyo serikali haikuweza tena kulipa walimu kama inavyofaa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi walianza kubeba walimu kwa malipo ya ziada, yenye yanajulikana kwa jina la prime. Hapo ndipo komite ya wazazi ilipata nguvu ya kweli: ilijadili kiasi cha prime, ilitetea mutoto mwenye kufukuzwa, ilihesabu sanduku. Kisha mwezi wa Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza masomo ya msingi ya bure katika masomo ya serikali, jambo lenye Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kuandika katika kifungu cha 43. Wazazi walipumua. Watoto wenye walikuwa wanakaa nyumbani walijaa darasani, na meza hazikutosha. Lakini sanduku la komite, kwenye masomo ya msingi, lilibaki tupu. Komite iko na watoto wengi kuliko zamani na haina franga za kununua hata misumari.

Mugombea anajua hilo vizuri. Anaingia kwenye pengo lenye kampuni iliacha, na lenye serikali haijaziba.

Mwezi wa Novemba, katikati ya masomo

Angalia kalenda ya uchaguzi wa mwisho. Kampeni ilianza tarehe 19 Novemba 2023 na ikaisha tarehe 18 Desemba. Tarehe 20 Desemba watu walipiga kura kwa ajili ya rais, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo. Katika komini za miji mikubwa ya majimbo, walichagua pia washauri wa komini. Siku thelathini za kampeni zilianguka moja kwa moja juu ya wiki zenye watoto wanajitayarisha kwa mitihani ya Desemba. Gari lenye kipaza sauti linapita nje ya ukuta, darasa zima linageuza kichwa, na mwalimu anangoja lipite.

Tena vyumba vya masomo ndivyo vinageuka ofisi za kura. Kwa hiyo masomo yanashikwa na uchaguzi mara mbili: kwanza kama mahali pa kutafutia kura, kisha kama mahali pa kuzihesabia. Komite yenye ilionekana mwezi wa Novemba ikicheza ngoma ya chama fulani, mwezi wa Desemba nani ataamini kwamba funguo za vyumba zimekaa katika mikono yenye haki?

Bati, na daftari

Turudi kwenye zawadi, kwa sababu hapo ndipo vita vyenyewe viko. Hotuba za siasa haziingii kwa urahisi kwenye masomo. Mukubwa wa masomo akisema «watoto wako darasani», inatosha. Zawadi inaingia.

Watu wengi wanafikiri kwamba bati ni hatari kuliko daftari, kwa sababu bei yake ni kubwa. Mimi ninaona kinyume. Bati likipigiliwa, jina la mwenye kulileta linasahauliwa kufika masika ya pili. Daftari lenye sura ya mugombea kwenye ganda linaingia katika mufuko wa mutoto, linaingia nyumbani mwa baba mwenye kuunga mukono mugombea mwingine, linawekwa juu ya meza ya chakula, linarudi darasani kesho yake. Mutoto wa miaka minane anamubeba mugombea kwa mwaka muzima bila kuulizwa. Na baba akilipasua, mutoto hana daftari. Ugomvi umeingia nyumbani kupitia mufuko wa mutoto, na komite ndiyo ilifungua zipu.

Komite yenye kujua kazi yake haingojei siku mabati yako mulangoni. Inaita mukutano wa wazazi wote mwezi wa Septemba, wakati masomo yanafunguliwa na hakuna bado mwenye kuvaa fulana ya chama, na inaweka swali mezani: tukiletewa zawadi wakati wa kampeni, tutafanya nini? Jibu lenye wazazi wanakubali linaandikwa katika PV, linatiwa sahihi, linabandikwa mulangoni mwa ofisi. Mambo ya kuandika si mengi. Zawadi inapokelewa na watu watatu wa komite, siyo mumoja, na mukubwa wa masomo anashuhudia. Inaletwa na barua ya kusema kiasi na kazi yake. Watoto hawatoki darasani. Hakuna hotuba kwenye kiwanja, hakuna picha na wanafunzi, hakuna jina ao rangi ya chama kwenye ukuta, meza ao daftari. Na kila mwenye kuleta anapata karatasi ileile ya kupokelea, yenye maneno yaleyale ya asante, akiwa wa upande wa wenye mamlaka ao wa upinzani.

Siku mugeni anafika, mukubwa wa komite hahitaji kuwa shujaa. Haseme «mimi ninakataa». Anaonyesha karatasi mulangoni na anasema wazazi ndivyo waliamua. Katika desturi zetu, kumukatalia mugeni mbele ya watu ni haya kubwa. Kumusomea uamuzi wa mukutano si haya.

Kuko njia nyingine, kali kidogo, lakini inapima roho vizuri: kumwambia mugombea kwa heshima kwamba zawadi yake itapokelewa kwa furaha Jumamosi ya kwanza kisha kura. Mwenye kupenda watoto atarudi. Mwenye kupenda picha, gari lake litageukia kwenye masomo ya jirani.

Hapa ni lazima tuseme ukweli wenye kuuma. Masomo ya jirani yatayapata mabati, na yenu hayatayapata. Mvua ya Januari itaingia. Kuko mama mwenye atasimama katika mukutano na kuuliza: munalinda karatasi yenu, na mutoto wangu analowa? Ni swali la haki. Hakuna jibu tamu kwa mama huyo, na komite yenye kumucheka haistahili kuitwa ya wazazi. Ndiyo maana uamuzi unapaswa kuwa wa mukutano muzima, na mama huyo awe ndani wakati unachukuliwa, na sauti yake ihesabiwe. Kama wengi wanaona bati lipokelewe hata kati ya kampeni, basi lipokelewe, lakini bila ngoma na bila watoto kwenye mustari. Upande mumoja unaingia pale ambapo malipo yanafanywa kwa mikono ya watoto na kwa jina la wazazi wote.

Orodha ya majina

Kuko zawadi yenye komite inatoa bila kujua kwamba inatoa: orodha ya wazazi.

COPA inashika majina, numero za simu, avenue, na idadi ya watoto wa kila nyumba. Kwa mutu mwenye kutafuta kura, karatasi hiyo ni mali kubwa kuliko kaliko mia moja. Mimi mwenye kuandika niliwahi kukaa katika mukutano wa wazazi, kwenye masomo yenye sitayataja jina. Karatasi ya mahudhurio ilipita kwenye meza: jina, simu, na numero ya kadi ya uchaguzi. Tuliandika sisi wote bila kuuliza, kwa sababu kadi ya uchaguzi ndiyo inatumika kama kitambulisho kila mahali. Kisha wiki mbili simu yangu ililia. Mutu mwenye sikumujua alinishukuru kwa kujiandikisha katika chama chake.

Kwa hiyo kanuni moja ni fupi sana: orodha ya wazazi haitoki ofisini, na mukutano wa wazazi hauombi numero ya kadi ya uchaguzi. Kikundi cha WhatsApp cha wazazi nacho ni orodha ya namna hiyo. Kilifunguliwa ili watu wajue siku ya kuleta buletini. Picha moja tu ya mugombea ikiachwa ndani, kesho yake ziko kumi, na kesho kutwa watu wanatukanana kwa kabila. Mwenye kusimamia kikundi afute picha ya kwanza, hata kama ni ya mugombea wake mwenyewe. Zaidi sana kama ni ya mugombea wake mwenyewe.

Mukubwa wa komite akitaka kuwa mubunge

Jambo hili linatokea, na halina ubaya. Mutu mwenye ametumikia wazazi miaka sita, mwenye anajua kusema mbele ya watu na mwenye kujulikana katika kila avenue ya Panda, ni kawaida afikiri kugombea. Katiba inamupa haki hiyo. Shida ni kofia mbili juu ya kichwa kimoja.

Sheria ya uchaguzi imekwisha kuonyesha njia kwa watumishi wa serikali: mwenye kutaka kugombea anapaswa kuonyesha kwamba ameomba kuwekwa kando ya kazi, kabla ya mwisho wa kupokea maombi ya wagombea. Kanisa Katoliki nalo, katika sheria zake, halimuruhusu padri kushika kazi ya serikali yenye mamlaka ya kiraia. Komite ya wazazi inaweza kuchukua mufano huo bila kungojea kulazimishwa: siku mujumbe anapeleka jina lake CENI, makamu wake anashika kazi, muhuri na funguo za sanduku zinabadilisha mikono mbele ya mashahidi, na PV inaandikwa. Akishindwa, wazazi ndio watasema kama arudi.

Jambo hili litakuwa nzito zaidi siku uchaguzi wa washauri wa komini, wenye ulianza 2023 katika miji mikubwa ya majimbo, utakapoenea kila pahali. Mugombea wa ubunge anaweza kuwa mutu wa mbali, wa Lubumbashi ao Kinshasa. Mugombea wa ushauri wa komini atakuwa baba wa mutoto mwenye kukaa meza moja na wako.

Kunyamaza si kazi ya komite

Wengine, kwa woga, wanafikiri kwamba kukosa upande ni kufunga mudomo. Wanasema: tusiguse kitu chochote chenye kufanana na siasa mpaka Januari. Hapo wanapotea. Masomo ya bure yenyewe yalikuwa neno kubwa la kampeni ya 2023. Wenye mamlaka waliyasifu, wapinzani walionyesha kasoro zake. Kama komite haiwezi kusema kwamba darasa liko na watoto wengi kupita meza, kwa sababu neno hilo linaweza kumufurahisha mupinzani, basi komite imekwisha kuwa ya upande mumoja, upande wa kunyamaza.

Mupaka uko wazi kuliko unavyoonekana. Komite inasema juu ya mambo. Haisemi juu ya majina. Inaweza kuandika barua moja, yenye maneno yaleyale, kwa kila mugombea wa Likasi: tuko na vyumba hivi, paa hii, walimu hawa wasiolipwa; wewe utafanya nini? Inaweza kuwaita wote siku moja, kisha saa ya kazi, nje ya kiwanja cha masomo, kila mutu na dakika kumi. Asiyekuja, kiti chake kinabaki wazi na watu wanakiona. Yenye haiwezi ni kumuita mumoja, ao kuwaita wote na kuwapigia mikono wawili.

Inchi nyingine zilitia mambo haya katika sheria. Afrika ya Kusini, kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya sheria yake ya masomo, inakataza kazi za vyama vya siasa kwenye masomo ya serikali wakati wa masomo: kampeni, mikutano, kugawa vikaratasi, kutundika mabango. Marekani, tangu 1954, shirika la kusaidia watu lenye kusamehewa kodi haliwezi kuunga mukono mugombea wala kumupinga; linaweza tu kuandaa mazungumzo ambapo wagombea wote wanatendewa sawasawa. Kule, chama cha wazazi chenye kuvunja kanuni kinaweza kupoteza musamaha wa kodi. Kwetu COPA haina kodi ya kusamehewa. Yenye inaweza kupoteza ni wazazi.

Yenye Likasi iliona

Kuna mutu atasema: ni kelele nyingi juu ya mabati na madaftari. Mutu huyo si wa Likasi, ao ni kijana sana.

Wakubwa wetu waliona kwanza masomo yenye chama kimoja. Wakati wa MPR kila Muzaire alikuwa memba wa chama kwa kuzaliwa tu. Mwisho wa 1974 serikali ilinyanganya makanisa masomo yao, na nafasi ya somo la dini ikachukuliwa na mafundisho ya chama. Ni kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 makanisa yalirudishiwa uongozi. Wakati huo hapakuwa muzazi wa kuuliza mutoto wake anaimba kwa ajili ya nani.

Kisha vyama viliruhusiwa, na ikawa vibaya zaidi. Mwezi wa Agosti 1992, huko Kinshasa, Konferansi ya Kitaifa ilimuchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mukuu kwa nafasi ya Nguz Karl-i-Bond, mutoto wa jimbo letu, lenye wakati ule liliitwa Shaba. Ugomvi wa wakubwa ulishuka mpaka katika avenue za Likasi. Vijana wa UFERI waliingia katika mitaa, na watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wenye kuzaliwa hapahapa kwa baba wenye kuletwa na Union Minière, walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu kwa maelfu walijaa kwenye kituo cha gari la moshi, wakingojea gari la kwenda Kasai, inchi yenye wengi hawakuwahi kuiona. Wengine walifwa wakingoja. Kati yao walikuwamo walimu na wanafunzi wa masomo ya Likasi.

Darasa ni mahali pamoja ambapo wale wenye walibaki, wale wenye walirudi na wale wenye walikuja kisha wanakutana kila asubuhi bila kuulizana chama. Watoto wao wanagawana kalamu. Ninajua kwamba wengine hawapendi tuandike juu ya 1992. Lakini mugombea anaposimama kwenye kiwanja na kuwauliza watoto kama wanamupenda «mutoto wa kwetu», muzazi mwenye miaka hamusini anasikia kitu chenye muzazi wa miaka ishirini na tano hasikii.

Karatasi ukutani

Kura zikiisha kuhesabiwa, sheria inataka matokeo ya kila ofisi yabandikwe mulangoni pa ofisi hiyo. Ofisi hiyo ni darasa. Watu wanakuja na simu zao kupiga picha ya karatasi, wanahesabu, wanajua karibu nyumba kwa nyumba nani alifuata nani. Wengine wanarudi wakiimba, wengine wanapita kando ya ukuta bila kusalimia.

Januari watoto wanarudi kutoka likizo ya Noeli. Karatasi imekwisha kuondolewa, gundi imebaki kwenye mbao za mulango. Komite inaita mukutano wake wa kwanza wa mwaka. Juu ya orodha ya mazungumzo kuko meza zenye zilivunjika siku ya kura, funguo yenye haijarudishwa, na paa la chumba cha tano. Na mama wa mwezi wa Septemba amekaa mbele, anangoja zamu yake ya kusema.